Mkuu wa Jimbo Ana Mamlaka Gani? KKKT na ngazi inayolaumiwa kuliko zote

Washarika wakifunga geti ili mchungaji mpya asiingie, gazeti la kesho yake huandika kwamba KKKT imemhamisha mchungaji. Msomaji wa mbali anashangaa kwa nini Mkuu wa Kanisa hajatamka lolote. Wazee wa kanisa wanamwandikia barua Mkuu wa Jimbo, naye anawajibu kwamba hana uwezo wa kutengua uhamisho, waende dayosisi. Wakifika dayosisi wanaambiwa malalamiko hupitia jimboni. Wakichoka wanakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, yule wa Serikali, na huyo anawaita wote ofisini kwake wayamalize kwa ajili ya amani.

Mzunguko huu umeonekana katika mikoa tofauti na chini ya maaskofu tofauti. Kila unapoanza, mjadala huishia kwenye tabia za watu: askofu mbabe, mchungaji mkaidi, wazee wapenda madaraka. Tabia zina sehemu yake, hakuna anayekataa. Lakini ugomvi unaobadilisha wahusika bila kubadilika wenyewe una mizizi katika muundo, na ndani ya muundo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania pahali penye ukungu kuliko pote ni jimbo.

Ngazi tano, na mbili zinazoeleweka vibaya

Chini kabisa kuna mtaa, ambao mara nyingi hutunzwa na mwinjilisti na wazee. Mitaa kadhaa hufanya usharika, wenye mchungaji na baraza la wazee. Sharika kadhaa hufanya jimbo, chini ya Mkuu wa Jimbo, ambaye ni mchungaji aliyepewa usimamizi wa wachungaji wenzake. Majimbo yakikusanyika ndiyo dayosisi, yenye askofu, msaidizi wa askofu, katibu mkuu, Halmashauri Kuu na Mkutano Mkuu. Dayosisi zote pamoja, ambazo sasa zimepita 25, ndizo KKKT yenye makao yake makuu Arusha.

Kwenye ngazi ya jimbo mkanganyiko unatoka kwa majirani. Kwa Wakatoliki jimbo ni eneo la askofu: Jimbo la Moshi, Jimbo Kuu la Arusha. Kwa Walutheri jimbo liko ndani ya dayosisi na mkuu wake si askofu. Ndiyo maana habari ya jimbo la Kilutheri huandikwa wakati mwingine kana kwamba ni kanisa zima linalojiendesha, na Mkuu wa Jimbo hudhaniwa kuwa na rungu ambalo katiba haikumpa.

Kwenye ngazi ya juu mambo ni kinyume. Watu wengi humwona Mkuu wa KKKT kama bosi wa maaskofu. Sivyo. Yeye ni askofu wa dayosisi yake kama wenzake, anachaguliwa na Mkutano Mkuu wa KKKT kwa kipindi cha miaka minne kinachoweza kurudiwa, na wakati wote huo anaendelea kuchunga dayosisi yake. Alex Malasusa wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani alishika nafasi hiyo kuanzia 2007 hadi 2015, akampisha Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, kisha akachaguliwa tena Agosti 2023 na kuingizwa kazini Januari 2024. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kumhamisha mchungaji wa Iringa au kufungua akaunti ya usharika wa Bukoba.

Kwa hiyo sauti inayosikika zaidi kitaifa haina mkono vijijini, na ngazi iliyo karibu zaidi na vijiji haina mkono wa kutosha popote. Nguvu iko katikati, kwenye dayosisi.

Kwa nini nguvu ilikaa katikati

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Hayakuwa matawi ya kanisa moja yaliyokuwa yakingoja kuunganishwa. Yalikuwa makanisa kamili, kila moja na historia yake, lugha zake, wamisionari wake na wafadhili wake. La Kaskazini lilizaliwa na Misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Usambara na Buhaya yalikuwa na alama za Bethel. Kusini na Uzaramo yalikuwa na alama za Berlin. Singida kulikuwa na Waamerika wa Augustana, Mbulu Wanorwe. Mwaka 1952 walikuwa wameunda shirikisho, na miaka 11 baadaye wakaingia kwenye muungano wakiwa bado na vyeti vyao mfukoni.

Muungano wa namna hiyo haukuweza kuzaa kanisa linaloongozwa kutoka makao makuu. Hata vyeo havikufanana: baadhi ya makanisa yale yalikuwa na maaskofu, mengine yaliitwa sinodi na kuongozwa na marais, na ilichukua muda mrefu kabla ya wote kuvaa kofia moja. Stefano Moshi, Mkuu wa kwanza wa KKKT, alichaguliwa kuwa rais wa kanisa la Kaskazini mwaka 1958 kabla ya kuitwa askofu. Bukoba nayo ilianza na askofu Mswidi, Bengt Sundkler, kisha Josiah Kibira akampokea mwaka 1964.

Imani ya Kilutheri yenyewe haikuwabana. Ungamo la Augsburg la 1530 linasema kwamba umoja wa kweli wa Kanisa unatosheka kwa kukubaliana kuhusu mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti. Taratibu zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Kutokana na kifungu hicho Walutheri wa Sweden wana maaskofu wa mfululizo wa kale, Wajerumani walitawaliwa na mabaraza chini ya watawala wa kidunia mpaka 1918, na Sinodi ya Missouri ya Marekani, iliyoanzishwa 1847, imeupa usharika karibu kila kitu. Wote ni Walutheri. Anayesema muundo wake ndio wa Kilutheri na wa mwenzake ni wa uasi, hajasoma hati ya kwanza kabisa ya kanisa lake.

Kuna jambo la tatu ambalo wachambuzi hulipita haraka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena mwaka 1940, wamisionari Wajerumani waliondolewa au wakawekwa kizuizini. Sharika za Kilimanjaro na kwingineko zikabaki mikononi mwa walimu, wazee na baadaye wachungaji Waafrika wachache. Waliendesha ibada, shule na ujenzi bila askofu wala hazina kuu. Tayari kabla ya hapo Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig kule Old Moshi, alikuwa amejenga usharika juu ya ukoo na ujirani wa Wachagga. Kumbukumbu hiyo haijafa. Mzee wa kanisa anayesema "kanisa hili tulilijenga sisi" anataja historia anayoijua vizuri kuliko katibu wa dayosisi aliyefika juzi.

Jimbo lilipoundwa, basi, liliwekwa kati ya mambo mawili yenye nguvu kulizidi: dayosisi iliyorithi uhuru wa makanisa ya 1963, na usharika wenye kumbukumbu ya kujijenga. Likapewa kazi ya kuyaunganisha bila kupewa vifaa.

Kazi nyingi, funguo chache

Kwenye karatasi Mkuu wa Jimbo ana shughuli nyingi. Anasimamia wachungaji na wainjilisti, anakagua vitabu vya sharika, anaendesha vikao vya jimbo, anasuluhisha, anamwakilisha askofu kwenye mazishi na uzinduzi, anasukuma michango ya dayosisi ifike kwa wakati. Usharika ukikaa bila mchungaji, ni yeye anayetafuta wa kushikilia.

Sasa tuangalie funguo. Kiwanja na jengo la usharika huandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini ya dayosisi, iliyosajiliwa kwa sheria ya wadhamini kupitia RITA. Katiba inayotambuliwa na Msajili wa Jumuiya ni ya dayosisi. Mwajiri wa mchungaji ni dayosisi. Hospitali, shule za sekondari na vyuo kwa kawaida ni vya dayosisi. Jimbo halina hadhi ya kisheria ya kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, halina ardhi yake, na fedha linazotumia ni kile kinachobaki kikipita kutoka usharika kwenda juu au kinachorudi kutoka juu kwenda chini.

Hata namna ya kumpata Mkuu wa Jimbo inaonyesha utata huu. Makanisa ya Kilutheri yana njia tatu: askofu ateue, Halmashauri Kuu ya dayosisi ichague kati ya majina aliyoyapeleka, au mkutano wa jimbo upige kura. Kila njia inampa mtu huyo bwana tofauti. Aliyeteuliwa na askofu atatazama juu. Aliyepigiwa kura na washarika atatazama chini. Na aliyepatikana kwa njia ya katikati atatazama pande zote mbili, ambayo ni busara kubwa wakati wa amani na ulegevu mkubwa wakati wa mgogoro.

Jiografia nayo inaongeza uzito. Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao Moshi, ina majimbo ya Kilimanjaro, na pia ina Jimbo la Karatu, zaidi ya kilomita 200 upande wa magharibi. Mtu akitoka Karatu kwenda ofisi ya askofu anapita katika maeneo ya dayosisi nyingine kabla ya kufika. Kwa jimbo la namna hiyo, Mkuu wa Jimbo ndiye askofu wa kila siku kwa vitendo, lakini kila karatasi yenye uzito lazima isafiri hadi Moshi.

Hoja ya kwanza: dayosisi ishike usukani

Wanaotetea dayosisi yenye nguvu wana hoja nzuri kuliko wanavyopewa sifa. Ya kwanza ni usawa. Pale mishahara inapolipwa kutoka mfuko wa pamoja, mchungaji wa usharika wa wafugaji hulipwa kama mwenzake wa mjini, na askofu anaweza kumpeleka mchungaji mzuri mahali pasipo na fedha. Vunja mfuko huo, na wachungaji wenye vipaji watajaa Dar es Salaam, Arusha na Moshi mjini. Hilo halihitaji utafiti. Linaonekana tayari katika walimu na waganga wa Serikali.

Ya pili ni taasisi. Usharika hauwezi kuendesha Hospitali ya Machame, wala jimbo haliwezi. Dayosisi inaweza kukopa, kuajiri daktari bingwa, kuingia mkataba na Serikali na kupokea ruzuku. Ya tatu ni ulinzi wa mali. Kama kila baraza la wazee lingekuwa na hati ya kiwanja, kila ugomvi wa ukoo ungeweza kugeuka mnada wa kanisa.

Udhaifu wake unatoka kwenye nguvu hizo hizo. Anayemiliki kila kitu hukopa kwa jina la kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, deni la hoteli ya dayosisi moja mjini Arusha liliishia kwenye bahasha za washarika ambao hawakuulizwa wakati wa kukopa. Hawakuwa na namna ya kukataa kabla, na baada ya hapo hawakuwa na namna ya kutolipa. Uhamisho nao, unapotolewa na mwajiri yule yule anayesikiliza rufaa, hauna tofauti na adhabu hata ukiwa wa nia njema. Mchungaji anayehamishwa wiki chache baada ya kuuliza kuhusu hesabu hataaminiwa na mtu akisema ni utaratibu wa kawaida, na askofu naye hataaminiwa.

Hoja ya pili: usharika kwanza

Upande wa pili unasema: fedha zinatoka hapa, zibaki hapa. Kwa usharika wa Kilimanjaro hoja hii ina sura maalumu. Zamani sadaka ilikuwa ya kahawa na mahindi, na mnada baada ya ibada uliuza ndizi, mayai na jogoo. Siku hizi sehemu kubwa ya ujenzi inategemea watoto wa kijiji walioko mijini, ambao ni washarika mara mbili: wanatoa ahadi kwa bahasha kwenye usharika wa Dar es Salaam kila Jumapili, na Desemba wakipanda mlimani wanachangia paa la kanisa walilopatia kipaimara. Mchangiaji wa namna hii amezoea kuona ripoti ya fedha kazini kwake. Akiuliza asilimia inayopelekwa juu imefanya nini, halipendezi jibu la "ni ya kazi ya Bwana".

Mfano wa Missouri unawavutia wa upande huu. Kule usharika humwita mchungaji wake, humiliki jengo lake, na ngazi ya eneo, inayofanana kwa mbali na jimbo letu, huongozwa na rais mwenye usimamizi wa mafundisho na mwenendo lakini asiye na funguo za mlango. Mapambano ya uhamisho hayapo, kwa kuwa hakuna wa kuhamisha.

Hayapo, lakini kuna mengine. Usharika unaomwajiri mchungaji unaweza pia kumnyamazisha. Tajiri mmoja anayebeba nusu ya bajeti hatahitaji kusema lolote ili mahubiri yalainike. Sharika ndogo hukaa miaka bila mchungaji. Tena mfano wa Missouri umekua katika nchi ambako mwenye hasira huhamia usharika mwingine wa jirani na biashara imeisha. Huku mwenye hasira hahami, kwa sababu makaburi ya wazazi wake yako pale. Ndiyo maana ugomvi wa usharika wa kijijini huwa mkali kupita kiasi: hakuna anayeweza kuondoka, kwa hiyo kila mmoja anataka mwingine aondoke.

Hoja ya tatu: jimbo liwe dayosisi

Hii ndiyo hoja inayopendwa na majimbo yaliyokata tamaa, na historia yake inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Mara nyingine imefaulu kimya kimya. Dayosisi ya Karagwe ilitoka ndani ya Kaskazini Magharibi mwaka 1979 na imejijengea heshima yake. Mkoani Arusha walitengana na Kaskazini mwaka 1973. Kanisa lililokuwa na makanisa saba sasa lina dayosisi zaidi ya 25, na nyingi kati ya hizo zilianza kama majimbo yaliyokua.

Meru ilikuwa habari nyingine. Arusha ilipoondoka 1973, Meru ilibaki chini ya Moshi, ingawa kiserikali iko mkoa wa Arusha. Wameru wengi waliona kwamba taasisi na vyeo vinabaki Kilimanjaro, na madai ya dayosisi yao yakakua. Kati ya 1990 na 1993 yaligeuka fujo: familia ziligawanyika, mali ziliharibiwa, kesi zikafika mahakamani na Serikali ikaingizwa ndani. Mwisho wake ulikuwa Dayosisi ya Meru ndani ya KKKT na, pembeni yake, kanisa jipya kabisa la waliokataa suluhu hiyo. Chuo cha theolojia cha Makumira, ambako wachungaji wa nchi nzima walikuwa wakisomea uongozi wa kanisa, kiko Meru hiyo hiyo.

Wilaya ya Mwanga, iliyokuwa sehemu ya Dayosisi ya Pare yenye makao Same, nayo ilipita katika miaka mirefu ya mvutano kabla ya kupata dayosisi yake katika muongo wa 2010. Na mwaka 2022 Dayosisi ya Konde ilitikiswa na swali ambalo kwa mgeni lingeonekana dogo: makao makuu yabaki Tukuyu au yahamie Mbeya mjini? Kabla swali halijapoa, askofu alikuwa ameondolewa kwa kura za mkutano na mwingine kuchaguliwa, huku polisi wakishughulikia milango ya kanisa. Konde haikuwa kesi ya jimbo kudai dayosisi. Lakini kiini kinafanana: watu wanajua kwamba ofisi ikikaa mahali, ajira, viwanja, heshima na sikio la askofu hukaa hapo pia. Kama jimbo lingekuwa na cha maana mkononi, umbali wa ofisi usingekuwa na uzito huo.

Nguvu ya hoja hii ni ukaribu: askofu anayelijua eneo, lugha na wazee. Pia inavunja hisia ya kabila moja kutawaliwa na jingine, ambayo wakubwa wa kanisa hupenda kuikanusha hadharani na kuijadili faraghani. Udhaifu wake ni gharama. Dayosisi mpya inahitaji askofu, msaidizi, katibu mkuu, mhasibu, magari, ofisi, bodi na mikutano. Vyote vinalipwa na sadaka zile zile. Jimbo lililokuwa likilalamika kwamba fedha zake zinaliwa Moshi au Same linagundua kwamba sasa zinaliwa nyumbani. Na majimbo mapya yakiundwa ndani ya dayosisi mpya, jimbo la pembeni linaanza kusema maneno yale yale.

Je, Arusha iamue?

Wapo wanaosema dawa ni KKKT yenye nguvu: katiba moja, mfuko mmoja, Mkuu mwenye mamlaka juu ya maaskofu. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa makubaliano ya 1963 hayaruhusu na hakuna dayosisi kubwa itakayojivua uhuru kwa hiari.

Mwaka 2018 ulionyesha mipaka yake. Maaskofu walitoa waraka wa Pasaka kuhusu hali ya nchi, usomwe katika makanisa yote. Haukusomwa katika yote. Maaskofu watatu walikumbana na hatua za wenzao kwa sababu hiyo. Lakini hatua hizo zilihusu nafasi yao katika baraza la maaskofu. Dayosisi zao waliendelea kuziongoza, maana ni mikutano ya dayosisi iliyowachagua. Hata uamuzi wa 1990 wa kuruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji ulitekelezwa na kila dayosisi kwa mwendo wake. Anayetaka Arusha iwe Vatikani ajue kwamba uhuru huo huo unaomkera ndio uliowalinda wengine wakati Serikali ilipodai waraka ule ufutwe: hakukuwa na mtu mmoja wa kubanwa.

Kupima mizani

Hoja tatu za kwanza zina jambo moja zinalolikubali bila kulisema: hakuna anayelitaka jimbo jinsi lilivyo. Dayosisi inalitumia kama tarishi. Usharika unaliona kama tozo ya ziada. Na wenye ndoto ya dayosisi mpya wanaliona kama chumba cha kusubiria. Mtazamo wa uchambuzi huu ni kwamba hapo ndipo pa kufanyia kazi, kwa sababu ni ngazi pekee inayoweza kuongezewa nguvu bila kuvunja mfuko wa pamoja na bila kuongeza askofu.

La kwanza na la haraka ni rufaa ya uhamisho. Dayosisi ibaki mwajiri na iendelee kupanga wachungaji, lakini uhamisho unaopingwa usikilizwe na chombo cha jimbo chenye walei wengi kuliko wachungaji, kabla haujatekelezwa, na maoni yake yaandikwe. Halmashauri Kuu ikiyapuuza, ieleze sababu kwa maandishi. Kwa utaratibu huu askofu hapotezi uamuzi. Anachopoteza ni urahisi wa kutoeleza. Gharama yake ni muda, na ipo hatari kwamba mchungaji mbovu atajificha nyuma ya wazee marafiki. Ni hatari ndogo kuliko geti lenye kufuli.

Pili ni fedha. Jimbo lipewe fungu lililotajwa katika katiba ya dayosisi, si linalotegemea ukarimu wa mhasibu, nalo liwasomee washarika hesabu zake kila mwaka pamoja na mchango unaokwenda juu na kilichorudi. Mkopo unaoweka rehani mali za dayosisi upite kwanza katika mikutano ya majimbo. Hapa kuna mgongano wa kweli. Masharti hayo yangechelewesha miradi, na miradi mingine mizuri ingekufa kwa woga wa wajumbe ambao hawajawahi kusoma mizania. Hata hivyo, mradi wa hoteli uliocheleweshwa mwaka mmoja na jimbo lenye maswali ni bora kuliko uliolipwa miaka kumi na jimbo lisilokuwa na sauti.

Tatu, namna ya kumpata Mkuu wa Jimbo. Kura tupu ingeingiza kampeni, na kampeni katika maeneo yetu huzungumza lugha ya ukoo. Uteuzi mtupu unamfanya tarishi. Njia inayofaa zaidi ni mkutano wa jimbo kuchagua kati ya majina yaliyokubaliwa na askofu, kwa muda maalumu wenye ukomo. Si njia safi. Askofu mjanja anaweza kupeleka majina matatu ya watu wake. Lakini itamlazimu kupeleka watu wake wanaokubalika.

Kinachotakiwa kibaki pale pale ni mali na ajira. Jimbo likipewa hati za viwanja, litakuwa limepewa nusu ya dayosisi, na nusu nyingine litaidai. Wapinzani wa pendekezo hili watasema hata haya machache ni ngazi ya kupandia, na kwamba Karagwe na Meru zilianza hivyo hivyo. Kinyume chake ndicho kilichoonekana Meru. Pale jimbo halikuwa na nguvu nyingi za kutumia vibaya. Halikuwa na mahali rasmi pa kusemea likasikika, na madai yaliyokosa kikao yalikwenda barabarani.

Ugumu uliobaki ni wa kura. Katiba ya dayosisi hubadilishwa na Mkutano Mkuu wa dayosisi, ambamo wachungaji na wakuu wa majimbo huketi kama wajumbe mbele ya askofu mwenye neno kubwa katika kuwapanga vituo. Kuwaomba wapunguze mamlaka hayo kwa kunyoosha mkono ni kuwaomba mengi sana. Kwa hiyo marekebisho ya kwanza yanayostahili kupelekwa mbele ya wajumbe hao yahusu kanuni za kikao chenyewe: kwamba kila kifungu kinachogusa madaraka ya askofu au ya jimbo kipigiwe kura ya siri, na kura zihesabiwe na walei.